Kipuli cha Mzee Pazi

1

Waliotengeneza vipuli walidhani wazee wote wanapenda nyimbo za polepole. Kwa kosa hilo, Makao ya Wazee ya Mianzini, kule Kisarawe, yalianza kazi kwa kusinzia. Kila mzee alivikwa kipuli chake nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya hindi, na ndani ya kipuli zikapigwa zumari na vinanda laini laini. Kufika saa nne asubuhi videvu vilikuwa vifuani na uji umeganda vikombeni.

Wataalamu hao walisahau jambo moja dogo: miaka huenda. Mwaka ule wa elfu mbili na themanini na mbili, bibi wa Mianzini hakuwa mtoto wa zama za santuri. Alikuwa binti wa Mbagala, wa Manzese, wa Tandale, aliyekesha kwenye vigodoro vya mtaani, singeli ikienda mbio kama cherehani iliyopandwa na wazimu.

Mzee Pazi ndiye aliyewaambia.

"Binti," alimwambia Mwasiti, mtabibu wa muziki wa makao hayo, "hiki kidude kinanipigia muziki wa kusindikizia jeneza. Mimi nimekufa?"

"Hapana, babu."

"Basi weka singeli."

"Singeli ina kasi kuliko moyo wako, babu. Utaniangukia hapa."

"Moyo wangu ulizaliwa huko huko kwenye singeli. Weka."

Mwasiti aliweka huku kamshika mkono, tayari kumdaka. Mguu wa kulia wa Mzee Pazi, ambao ulikuwa ukigandia kila kizingiti kama umepigiliwa msumari, ukanyanyuka. Wa kushoto ukafuata. Alivuka mlango, akavuka baraza, akafika kwenye bustani ya mchicha, akageuka na kupiga saluti. Tangu siku hiyo Mianzini haikusinzia tena.

Siri yenyewe haikuwa kubwa. Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umeila ile sehemu ya ubongo inayouambia mguu "twende." Lakini mdundo hauombi ruhusa kwenye mlango ule, huingilia sikioni na kuufikia mguu kwa njia ya uani. Sakafu ya Mianzini ilisoma unyayo, ikakipa kipuli habari, nacho kipuli kikaweka mdundo mbele kidogo ya hatua, kwa kadiri ya ukope kupepesa. Wala hapakuhitajika kukimbizana na ngoma yote. Hatua moja kwa kila mapigo manne ilitosha, kwa sababu hata singeli ina mahali pa kukanyaga.

Kipuli kilifanya na mengine. Kilisikiliza moyo, pumzi, jasho na unyevu wa macho. Kilipoona mzee anapandwa na hasira kiliteremsha sauti. Kilipoona anazama kilimchangamsha. Presha zikashuka. Dawa za usingizi zikabaki kabatini. Bibi mmoja, ambaye hakuwa ametamka neno tangu alipopooza upande, siku moja aliimba kibwagizo kizima, tena kile chenye matusi, na wenzake wakampigia makofi mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi.

Halafu Bi Chausiku, mke wa Mzee Pazi, akafariki.

Alikuwa akija kila siku ya wageni na kikapu cha maandazi. Mzee Pazi enzi za ujana alikuwa mshika maiki wa singeli, na Chausiku alimpata kwa wimbo aliomtungia mbele ya mtaa mzima. Mianzini yote iliujua wimbo huo, maana kila Bi Chausiku alipotokea getini mumewe aliuanzisha:

*Chausiku fungua dirisha,*
*mlangoni pana baba.*

Naye Bi Chausiku akajibu kwa sauti yake ya kukwaruza, bila kuweka kikapu chini:

*Baba kalala zamani,*
*aliye macho ni mbwa.*

Walimzika Chanika. Mzee Pazi alirudi kutoka mazikoni uso mkavu, akaulizia chakula cha mchana, na jioni akaongoza darasa la kutembea. Watu wakasema mzee ana imani. Mwasiti naye alisema hivyo, mpaka asubuhi moja alipoinama kumfunga viatu, akawa anauimba wimbo ule chini chini bila kujijua.

"Unatafuna nini peke yako?" aliuliza Mzee Pazi.

"Naimba, babu."

"Mbona sisikii? Kidude kimepandisha ngoma ghafla."

Mwasiti akanyamaza. "Na sasa?"

"Kimeshusha."

Akaimba tena. Mzee akakunja uso, akagonga sikio kwa kidole. Mwasiti aliuacha wimbo, akasema polepole, "Bi Chausiku."

"Eti?"

"Mkeo, babu. Bi Chausiku."

"Toa sauti, mwanangu. Unachezesha midomo tu."

Alikuwa anatabasamu. Ndilo lililomtisha Mwasiti, lile tabasamu.

2

Daktari Temba, mkuu wa makao, hakukana. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani hata ikiwa safi.

"Kipuli kimejifunza chenyewe," alisema. "Siku ya mazishi kiliuona moyo wake, kikajua ni nini kinauvuta chini. Sasa kitu hicho kikitajwa, kinatoa sauti pinzani inayoila ile nyingine. Akikiwaza mwenyewe, kinapandisha ngoma mpaka wazo likimbie. Ndivyo kinavyowalinda wafiwa."

"Na nani aliyesema alindwe hivyo?"

"Mwanawe aliniomba baba asiteseke. Nikakubali, na leo ningekubali tena." Akaivaa miwani. "Sikiliza, Mwasiti. Baba yangu alimfuata mama kabla mahindi waliyopanda pamoja hayajakomaa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikaa kwenye kiti akalitazama shamba, basi. Ningekuwa na kipuli wakati ule ningemvika kwa mikono yangu miwili. Wewe unataka nimrudishie msiba mtu anayecheza?"

Nje, Mzee Pazi alikuwa akipita na kundi lake la asubuhi, akiwapigia kelele wanyanyue magoti.

"Zima hicho kinachoziba tu," alisema mwishowe. "Mwachie mdundo wa miguu."

"Hakitengani. Kinachomtuliza na kinachomtembeza vimefumwa kwa uzi mmoja. Ni kipuli kizima, au hakuna kipuli. Na bila kipuli unajua inavyokuwa."

Mwasiti alijua. Mara ya mwisho walipokivua kukisafisha, Mzee Pazi aliganda mlangoni pa bafu, vidole vimeng'ang'ania fremu, mkojo ukimchuruzika miguuni, akiwaomba radhi kwa kuwachelewesha.

"Angalau tumuulize mwenyewe."

"Tumuulizeje? Ukimtajia, hasikii. Ukimvua ili asikie, umeshamuumiza kabla hajakujibu."

Mwasiti alitoka na swali hilo, akazunguka nalo siku nzima. Nyumbani kwake kulikuwa na kanga ya marehemu dada yake ndani ya sanduku. Kila alipoifunua aliumia, na hata hivyo hakuacha kuifunua. Mtu angekuja kumwambia nipe hiyo kanga nikaichome, upumzike, angemfukuza. Lakini yeye miguu yake ilikuwa mizima. Hakuna aliyewahi kumwambia achague kati ya kanga na kutembea.

3

Wiki hiyo hiyo pakazuka fujo getini.

Alikuja mwanamke mzee, mrefu, kajipaka unga usoni, kajifunga mito miwili makalioni chini ya kanga, kikapu mkononi, anayumba kiuno kulia kushoto. Ulikuwa ndio mwendo wa Bi Chausiku, ila umezidishwa mpaka ukawa kichekesho.

"Nipisheni!" alimfokea mlinzi. "Mimi Chausiku! Nimefufuka! Huko kaburini hakuna nazi hata moja, nitakaaje?"

Wauguzi walishika vinywa. Mlinzi akaanza kumvuta nje. Lakini barazani wazee waliinuka kwa kishindo, hata wale wanaoinuliwaga.

"Mwacheni! Mtani huyo! Mfungulieni mtani!"

Jina lake Kalunde, Mnyamwezi wa Urambo. Kwa miaka mingi alikuwa jirani wa Mzee Pazi na mkewe kule Mbagala, ukuta kwa ukuta, kabla ya kurudi kwao. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Kwenye msiba mtani hana kazi ya kutoa pole. Kazi yake ni kumwigiza marehemu, kutangaza ubahili wake na uvivu wake, kuwachekesha wafiwa hadi walie na kuwaliza hadi wacheke. Kisha kunyakua kitu cha mfiwa na kukishikilia hadi kikombolewe. Msiba ambao mtani hajafika una tundu. Kalunde alikuwa kalazwa wakati Chausiku anakufa. Aliporuhusiwa alipanda treni bado ana bandeji mkononi.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Mzee Pazi, akabwaga kikapu.

"Mzaramo usiye na haya! Umemzika Chausiku bila kunisubiri? Uliogopa nitafufua madeni? Sufuria yangu iko wapi? Miaka ishirini anaiazima, anairudisha imeungua, anaiazima tena! Au mmemzika nayo?"

Baraza zima likacheka. Mzee Pazi alimtazama kwa upole, akanyoosha mkono.

"Aa, Kalunde. Karibu sana. Habari za Urambo? Salama huko?"

Kicheko kikakatika. Kumjibu mtani kwa adabu ni sawa na kumfungia mlango.

Kalunde alijaribu tena. Alizungusha mito, akaimba kwa sauti ya kukwaruza, akamwita Mzee Pazi mjane asiyejua kupika chai. Mzee alitikisa kichwa polepole kama mtu anayefuata muziki mwingine.

"Umechoka na safari," alisema. "Wakupe maji."

Kalunde akachomoa mto mmoja, akaketi sakafuni, unga usoni umeanza kufanya mifereji.

"Ananinunia," alisema, bila kumwambia mtu. "Nimechelewa, ni kweli. Lakini mtu anamnunia mtani?"

Mwasiti alipiga magoti mbele ya kiti. Kwa pembe ya jicho alimwona Daktari Temba akitoka ofisini mbio mbio.

"Babu, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri."

"Kalunde anasema kitu ambacho kipuli hakitaki ukisikie."

"Nimeona. Mdomo unakwenda kama wa samaki."

"Ni kitu kinachouma, babu. Siwezi kukuambia ni kipi, maana nikikitaja hutanisikia na mimi. Nikikuvua utakisikia. Utaumia, tena sana. Na miguu inaweza kugoma. Pengine leo tu, pengine na baadaye. Sijui."

Mzee Pazi aliitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka juu ya mapaja, kana kwamba ni ya mwenzake.

"Mimi nimeshika maiki, mwanangu. Wimbo ukikatwa kipande, najua, hata ukiungwa vipi. Siku hizi nacheza, nafurahi, halafu nafika mahali pamekatwa. Naruka. Kesho nafika pale pale, naruka tena." Alimtazama Kalunde pale chini, na ule mto mmoja uliobaki. "Ni pale, sio?"

Mwasiti aliinamisha kichwa kukubali.

"Basi nivue."

"Mwasiti," alisema Daktari Temba. "Usifanye."

Mzee Pazi aliinua mkono kujivua mwenyewe. Vidole vilipiga sikio, vikapiga shavu, vikapiga hewa. Akaushusha. Alisubiri.

Mwasiti aliogopa. Alikiona kile kiti cha baba wa daktari, aliliona shamba la mahindi ambayo hayajakomaa. Akaweka kidole gumba nyuma ya sikio la mzee, akabonyeza, na kipuli kikaanguka kiganjani mwake kikiwa bado na joto.

4

Mzee Pazi alisikiliza sufuria jikoni, na kuku wa jirani, na kikohozi cha mtu barazani.

Kalunde hakusimama. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya kawaida, "Chausiku amekufa, mtani."

"Ndiyo," alisema Mzee Pazi. "Amekufa."

Uso wake ukavunjika. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, mabega yakimruka, kilio cha mtu aliyechelewa mazishini. Daktari Temba alikuwa ameshafika, kashika mkono wake, anasoma mapigo. Hakuna mzee aliyemwambia mwenzao anyamaze. Waliacha alie.

Halafu Kalunde alifuta pua kwa upindo wa kanga. Akaokota mto wake, akaupachika mahali pake, akasimama.

"Sasa unalia nini? Unamlilia mke au unalilia maandazi? Maana yale maandazi, mjukuu wangu alichukua moja akazuilia mlango. Mpaka leo liko pale, hata panya hawalitaki."

Kitu kilimtoka Mzee Pazi, nusu kwikwi nusu kicheko.

"Nyamaza," alisema. "Mla matobolwa mkubwa wewe, na viazi vyenu vikavu."

"Ahaa! Kasema!" Kalunde alipiga makofi. "Kasema jamani! Mzaramo ana ulimi!"

Baraza likalipuka. Mtu akaanzisha *Chausiku fungua dirisha*, wengine wakadaka, na Kalunde akajibu kwa sauti ya kukwaruza kuhusu baba na mbwa, akiongeza mistari ambayo haikuwamo. Mzee Pazi aliimba naye, sauti inakatika, machozi yanaingia mdomoni. Akashika mikono ya kiti, akasimama.

Mguu haukutoka.

Wazee walipiga makofi kwa pamoja. Mwasiti aligonga mdundo kwenye benchi, mahali pa kukanyaga, mahali pa kukanyaga. Mguu wa kulia ulisogea kidogo, ukanata. Walijaribu tena. Haukwenda popote. Mwasiti akamsaidia kuketi.

"Umeona?" alisema Daktari Temba kwa sauti ya chini. "Tukirudishe. Sasa hivi."

Mwasiti alifungua kiganja, na kabla daktari hajanyoosha mkono Kalunde alikuwa ameshapita. Kipuli kikatoweka.

"Hiki changu," alisema, akikipachika sikioni. "Haki ya mtani. Heh! Kinanibembeleza kama kichanga mwenye msokoto wa tumbo!"

"Mama, tafadhali. Hicho ni kifaa cha matibabu."

"Kikomboe."

"Shilingi ngapi?"

"Nani kakuambia nataka hela, Mchaga wewe?" Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. "Hela kaa nazo. Mimi nataka hivi. Asubuhi umvike, atembee. Mchana umvue, akae na mkewe. Ukikubali, nakupa."

Daktari Temba hakucheka. Alikuwa bado ameshika mkono wa mgonjwa wake. "Moyo unakwenda mbio," alisema.

"Unakwenda kama wa mtu aliyetoka kuimba," alisema Mwasiti.

"Na kesho? Na mwezi ujao? Nimeshaona mtu akikaa kwenye kiti akatazama shamba mpaka akaisha. Alikuwa baba yangu."

Mzee Pazi aligeuza kichwa. Sasa alikuwa anasikia kila kitu.

"Pole, daktari," alisema. "Alikuwa amekaa na nani?"

"Samahani?"

"Pale kitini. Nani alikuwa amekaa naye?"

Daktari Temba alivua miwani, ila hakuifuta.

"Alikuwa peke yake," alisema.

"Mimi tazama nilivyozungukwa. Na huyu mwendawazimu wa Urambo juu yake." Mzee Pazi alivuta kamasi. "Siwezi kukuahidi kuwa sitaumia. Naumia sasa hivi, hapa, kama nimekatwa. Wala siahidi kuishi sana. Lakini mke ni wangu, daktari. Mwanangu alikuombea jambo ambalo si lake kuomba, na wewe ulitoa kisicho chako kutoa. Asubuhi nipe miguu. Mchana nipe Chausiku. Na siku nitakayosema nirudishieni kidude kutwa nzima, nirudishieni."

Kuku wa jirani walipata nafasi ya kusema yao. Kisha daktari akaivaa miwani.

"Nitakuwa nampima kila jioni," alimwambia Kalunde, kama vile huyo ndiye mwenye makao.

"Pima upendavyo. Lakini kukomboa bado. Cheza kwanza."

"Nicheze nini?"

Hakuna aliyehitaji kumjibu. Wazee walikuwa wameshaanza, kwa viganja, kwa vijiko, kwa bakora kwenye sakafu, singeli ya mwendo wa cherehani, na yule bibi aliyepooza upande akiongoza kwa kibwagizo chake cha matusi. Daktari Temba aliliweka koti juu ya benchi. Alicheza kama mtu anayekanyaga siafu, mikono haijui ipelekwe wapi, na kila alipotaka kuacha Kalunde alitingisha kipuli mbele ya pua yake. Alipoachiwa alikuwa anahema, shati limelowa, na kwa mara ya kwanza wafanyakazi wake waliyaona meno yake ya nyuma.

Kipuli kilitiwa mfukoni mwa koti lake, hadi asubuhi.

Kengele ya chakula ikalia. Ukumbi wa chakula ulikuwa ng'ambo ya ua, na mguu wa Mzee Pazi ulikuwa bado umegoma. Mwasiti alimwinamia.

"Nikuletee kiti cha magurudumu, babu? Au nikimbilie kipuli mara moja?"

"Acha. Mchana huu ni wa Chausiku mwenyewe."

Ikabidi ukumbi uje kwake. Wazee walirudi barazani na sahani zao, wenye nguvu wakiwabebea wasio na nguvu, ubwabwa ukimwagika njiani na kuku wa jirani wakifuata nyuma. Walikaa wakimzunguka. Kalunde alijisukuma katikati, akamlisha kijiko cha kwanza kwa vile mikono ilikuwa haishikiki, akaendelea na orodha yake: nazi, sufuria, deni la kanga, siku Chausiku alipomfukuza mgeni kwa ufagio kumbe ni shehe wa mtaa.

Mzee Pazi alitafuna huku machozi yakimdondokea sahanini. Kalunde alipotulia kidogo ili naye aonje chakula, alimgusa kwa kiwiko.

"Endelea, mtani," alisema, mdomo umejaa. "Bado hujafika kwenye kukoroma kwake."